Watu Wanaotokea Ghafla

Kama wewe ni dereva, na kila jioni unarudi nyumbani ukilalamika kwamba siku hizi watu wa baiskeli na pikipiki wanatokea ghafla tu, ati kama wameota kwenye lami, tafadhali nenda ukapimwe macho. Sikutanii. Mimi nililalamika miaka miwili mizima. Nililalamika mbele ya kila mtu aliyekuwa tayari kunisikiliza, na mbele ya wengi ambao hawakuwa tayari. Kumbe hakuna aliyekuwa akitokea ghafla. Walikuwa pale wakati wote.

Naitwa Nzioka. Nimezaliwa karibu na Migwani, na nimeendesha kanta, lori dogo la mizigo, kwa zaidi ya miaka ishirini, nikibeba ndengu, embe, mahindi, chochote kinachojaa gunia au kreti. Gari si langu. Ni la Abdi, mfanyabiashara wa Kabati ambaye babake alikuja huku na ng'ombe kutoka kaskazini akabaki. Kwa umri Abdi ni mtoto kwangu, lakini ndiye tajiri. Yeye huniita mzee, nami humwita tajiri, na hatujawahi kukosana juu ya hilo.

Barabara yetu ni nyembamba. Lami inatosha magari mawili yakiheshimiana, kisha ni changarawe, kisha mtaro. Njia ya baiskeli hakuna. Kwa hivyo tulijitungia sheria ambayo haiko kwenye kitabu chochote. Dereva akipiga honi mara moja, anasema niko nyuma yako. Akipiga mara mbili za haraka haraka, anasema shuka lami. Na mtu wa baiskeli hushuka. Hushuka hata kama amebeba mitungi minne ya maji, hata kama changarawe imelegea na gurudumu linamponyoka. Mtu wa pikipiki husogea kidogo huku amenuna. Dereva hasogei. Mimi niliishika sheria hiyo kama amri ya kumi na moja.

Sasa, dalili zilianza lini? Ukiniuliza hivyo nitakudanganya, maana sijui. Najua tu kwamba nilianza kugonga bega kwenye mwimo wa mlango wa nyumba yangu mwenyewe, nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Nilimwaga chai mara nyingi mpaka mke wangu, Mama Mutheu, akawa ananiwekea kikombe katikati ya meza, mbele yangu kabisa, kama mtoto. Siku moja alininusa mdomo akidhani nimeanza kunywa. Nilicheka, lakini nilikasirika pia. Kioo cha pembeni cha kushoto nilikivunja mara mbili mwaka mmoja, na mara zote mbili nilimwambia Abdi ni hawa vijana wa boda, wanapita kushoto kama wendawazimu. Abdi alinunua kioo kingine.

Hakuna kilichouma. Hilo nataka ulisikie vizuri. Jicho halikuwa jekundu, halikutoa machozi, halikuwasha. Mbele niliona vizuri kabisa, nikasoma nambari ya gari iliyo mbali kuwashinda vijana. Ndiyo maana ungeniambia naumwa macho, ningekutukana.

Msimu wa embe ulipofika, kazi ikawa ya kukimbizana. Embe hazingoji mtu. Siku hiyo nilitoka Migwani asubuhi na kreti zimepangwa mpaka juu, nikashika barabara ya Kabati. Nakumbuka nilipiga honi mara mbili pahali fulani, kwa mazoea tu, kwa sababu pale huwa na watu wa kuchota maji. Nakumbuka mgongano mdogo, tap, nikadhani kreti imeteleza. Sikusimama. Jua lilikuwa limepanda na embe zilikuwa zinangojewa.

Jioni wazee wawili wa kanisa walikuja nyumbani. Kwetu jambo zito haliendi kituoni kwanza, linakuja kwako na wazee, na unalipokea kwa chai. Mama Mutheu akawapikia. Walikunywa polepole, wakauliza habari za mvua, kisha mmoja akasema kwamba Muli amevunjika mfupa wa bega. Gari limemgonga na kumtupa mtaroni na baiskeli na maji yake yote. Na Muli anasema gari hilo ni langu.

Muli ni jirani yangu. Tulibatizwa siku moja, mto mmoja, wote wawili tukikohoa maji. Yeye hubeba maji kwa baiskeli kutoka kwenye mabwawa ya mchanga na kuuzia hoteli za sokoni, na kazi hiyo ndiyo iliyomsomeshea watoto. Nilimwambia yule mzee haiwezekani. Ningemgonga Muli nisijue? Tukatoka nje kutazama gari. Kioo cha kushoto kilikuwa kimekunjika ndani, na kwenye ukingo wake kulikuwa na alama ya manjano, rangi ya mitungi ya Muli. Nikasema hiyo ni rangi ya geti la stoo ya Kabati. Geti hilo kweli ni la manjano. Niliamini kabisa nilichosema.

Wakaniuliza kama ninaweza kusema hivyo mbele za Mungu. Nikasimama wima, nikavua kofia, nikaapa. Nikaongeza na lingine ambalo hakuna aliyeniuliza. Nilisema Muli amezeeka, baiskeli imemshinda, ameanguka mwenyewe na sasa anatafuta wa kubeba lawama. Wazee walitazamana, wakashukuru kwa chai, wakaenda.

Jumapili iliyofuata Muli alikuja kanisani na mkono umefungwa shingoni kwa leso ya mkewe. Alikaa benchi la mbele yetu. Hakugeuka kunitazama hata mara moja, na mimi nilimtazama kisogo chake ibada nzima nikiwa na hasira ya mtu aliyesingiziwa. Hasira hiyo ilinikalia kifuani wiki nyingi. Sikuweza kutulia. Nilikula nimesimama, nikaamka kabla ya jogoo, nikawa nazunguka gari nikipiga tairi mateke.

Baada ya kuvuna ndengu, madaktari wa macho walikuja kanisani kwetu kupima watu bure. Binti yangu Mutheu, ambaye ni mwalimu huko Wote, alipiga simu akaniambia niende. Nilienda kwa sababu moja tu: nilitaka miwani ya kusomea Biblia. Kijana aliyenipima alinisomesha herufi, nikazisoma zote, nikajisifu. Kisha akaketi mbele yangu, akaniambia nifunge jicho moja na nimtazame puani, nisitazame pengine. Atasogeza kidole kutoka pembeni. Nikikiona niseme.

Nikangoja. Nikamwambia, anza basi. Akasema, "Mzee, nimeshaanza."

Aliinuka akaita mwenzake. Huyo naye akarudia yaleyale, akanitazama ndani ya jicho kwa kurunzi muda mrefu, kisha akaandika barua ya hospitali na kuikunja mara mbili. Niliuliza miwani yangu iko wapi. Akaniambia miwani haitanisaidia, niende na hiyo barua wiki hiyohiyo, nisingoje. Niliiweka barua ndani ya Biblia, nikangoja wiki tatu. Ni Mutheu aliyekuja mwenyewe kutoka Wote siku ya Jumamosi, akaiona, akaisoma, akaketi chini. Hakunikemea. Aliniuliza kama nakumbuka nyanya yake alivyokuwa akitembea.

Nilikumbuka. Mwaitu, yaani mama yangu mzazi, miaka yake ya mwisho alitembea akipapasa ukuta. Wengine walisema ni uzee, wengine walisema amerogwa na mke mwenza. Hakuna aliyempeleka popote.

Hospitali, nitakueleza jinsi ilivyo ili usishtuke. Kuna benchi refu kando ya ukuta. Mtu wa mwisho kulia akiitwa, nyote mnasogea, kwa hivyo siku nzima unakaa kwenye joto la mtu mwingine. Wanakutia dawa ya kupanua mboni, mara mwanga unakuwa mkali na unatoka nje ukiwa umejifunika uso kwa kofia. Kando yangu kulikuwa na mama wa kutoka pande za Mwingi aliyebeba muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye bakuli la plastiki, akatugawia sisi wote kwa kijiko kimoja. Mimi sikuwa nimekula tangu jana. Mpaka leo simjui jina, lakini huwa namuombea.

Mimi sikuweza kukaa. Kila nikisogea kwenye benchi nilitaka kuinuka. Niliinuka mara kumi, nikaenda kutazama gari ambalo sikuja nalo. Mutheu alinishika mkono wa koti, akanikalisha.

Kisha kuna mashine. Ni kama bakuli kubwa jeupe. Unaweka kidevu mahali pake, unazibwa jicho moja, unatazama taa moja katikati, na taa nyingine ndogo ndogo zinawaka pembeni, hapa, pale, hafifu sana. Unapewa kitufe mkononi. Ukiona taa, bonyeza.

Hapa nitakiri ujinga wangu, maana najua kuna mtu atakayejaribu kuufanya. Mimi ni dereva. Nilijua vizuri kwamba nikishindwa hapa, leseni imeenda. Na dereva husikia. Nilisikia mashine ikifanya mlio mdogo kabla ya kila taa. Basi nikaanza kubonyeza kwa mlio. Tik, nabonyeza. Tik, nabonyeza. Nilijiona mjanja sana. Nilishika mwendo vizuri kama ninavyopiga honi kwenye kona za milima ya Kilungu, bila hata kutazama nani yuko mbele.

Sista aliyekuwa akiendesha mashine alikuwa mama wa makamo, mtulivu. Akaizima. Akaniambia mashine ina ujanja wake pia, kuna wakati inafanya mlio bila kuwasha taa, na mimi nimebonyeza hapo kila mara.

Akasema, "Mzee, si mimi wa kukunyang'anya leseni. Unamdanganya nani?"

Akanipa maji, akaniambia nipumzike, kisha nianze upya, na safari hii nibonyeze taa tu.

Nikaanza upya. Na ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoogopa mara ya kwanza. Kwa sababu nilikaa nikingoja taa, na taa haiji. Mlio unasikika, taa haiji. Nikawa sijui kama haijawaka ama imewaka na sijaiona. Nilibonyeza mara chache mno. Kidole kilitokwa na jasho kwenye kile kitufe, na mguu ulikuwa unatafuta breki chini ya meza.

Karatasi iliyotoka ina miduara miwili, jicho la kushoto na la kulia. Penye weupe ndipo unapoona. Yangu ilikuwa weusi mtupu, na katikati tundu jeupe dogo. Jicho la kushoto lilikuwa baya zaidi. Daktari alisema ni presha ya macho, imekaa miaka mingi ikila kimyakimya kutoka pembeni. Kilichopotea hakirudi. Watapigania kilichobaki kwa dawa ya matone, na ikibidi watapasua. Halafu akasema la mwisho akinitazama usoni: nisiendeshe gari tena.

Mutheu alikuwa ametoka kununua dawa. Alipouliza daktari amesema nini, nilimwambia yote isipokuwa hilo la mwisho.

Niliendesha siku nane. Naliandika kwa aibu, lakini naliandika. Karatasi ile niliikunja nikaificha chini ya kiti cha dereva, nikawa naikalia. Nilijiambia nitaendesha polepole. Nilijiambia nitageuza kichwa. Nilijiambia barabara hii naijua kuliko daktari. Kila nilipopita pale Muli alipoangukia, shingo iligeuka yenyewe kushoto, lakini bado nilikataa kuweka haya mambo mawili pamoja, jicho langu na bega lake. Mtu anaweza kukataa kitu kilicho mbele yake. Mimi nilikuwa na uzoefu.

Siku ya nane Abdi alinituma Kilungu kuchukua maparachichi. Unajua milima ile, kona juu ya kona na bonde upande mmoja. Nilikuwa nateremka na mzigo. Nikasikia kitu kinagonga ubavuni mwa gari, pa, pa, pa. Nikadhani ni kreti. Nikaendelea kusogea kushoto kumpisha lori la kupanda. Pa, pa, pa, kwa nguvu zaidi. Ndipo nikageuza kichwa chote, mwili wote, mpaka kidevu kikagusa bega.

Alikuwa mtu wa pikipiki. Alikuwa kando yangu kabisa, kati ya mlango na bonde, anagonga mlango wa abiria kwa kiganja cha mkono. Nyuma yake mama amekaa upande na mtoto mgongoni. Macho ya yule mama ndiyo niliyoyaona kwanza. Hakupiga kelele. Alikuwa amekunja miguu juu ili isibanwe.

Nilikanyaga breki, nikanyoosha usukani. Pikipiki ikapita. Yule kijana alisimama mbele, akashuka, akaja dirishani. Nilingoja matusi. Akaniuliza tu, "Mzee, kwani hunioni?"

Nilimwambia, "Hapana. Sikuoni."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka hilo neno. Nikazima gari. Nikatoa ile karatasi chini ya kiti, nikampigia Abdi simu, nikamwambia aje na dereva mwingine achukue gari lake Kilungu, mimi sishuki huu mlima nikishika usukani. Alifikiri gari limeharibika. Nilimwambia gari ni zima.

Alifika alasiri. Nilimpa ufunguo, nikamweleza yote: karatasi, vioo, siku nane. Nilitarajia anifokee, na ningestahili. Alitazama ile miduara myeusi, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema babake alipofuka hivyohivyo, akichunga ng'ombe mpaka siku ile alipomtembeza dume kisimani na kusukumwa ndani. Kisha akanifungulia mlango wa abiria. Sikuwa nimeketi upande huo wa gari lile hata siku moja. Nilishika dashibodi njia nzima nikikanyaga breki isiyokuwepo.

Nyumbani nikawa mtu asiyekalika naye. Matone ni saa moja jioni, kila siku, bila kuruka. Mama Mutheu ndiye aliyenitia, kwa sababu mimi nilikuwa najitia shavuni. Nilimfokea ati amenichoma. Nilimfokea akihamisha stuli. Sufuria ikibadilishwa mahali, vita. Nilitembea uani kutoka boma la mbuzi mpaka getini na kurudi, kutoka na kurudi, mpaka nikachora njia kwenye mchanga. Mikono ilitaka usukani. Siku moja nilimkuta amejifungia jikoni analia, nikasimama nje ya mlango. Nikasema, "Mama Mutheu, chupa imekaribia kwisha." Akafungua, akafuta uso, akasema anajua, ameshanunua nyingine. Ndivyo tulivyopatana siku hiyo.

Chupa ya nne ilipokwisha presha ilikuwa bado juu, wakaamua kupasua jicho la kulia, wakati wa baridi ya Julai. Haiumi kama unavyofikiria. Kinachoumiza ni baadaye: usiiname, usibebe, usikohoe kwa nguvu. Nilikaa na kitambaa jichoni, na lile la kushoto lililobaki lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Hapo niliketi. Sikuwa na njia nyingine. Na nikiwa nimeketi, lile jambo nililokuwa nalikimbia lilikuja likaketi pia.

Alama ya manjano haikuwa ya geti. Niliapa mbele za Mungu juu ya kitu ambacho sikukiona.

Nilimwambia Mama Mutheu. Alikuwa anachambua ndengu kwenye ungo, hakuinua kichwa. Akasema alijua tangu jioni ileile, alipokiona kile kioo, na kwamba amekuwa akimpelekea mke wa Muli unga kila wiki tangu bega livunjike. Nilikaa nikimtazama mke wangu katika lile tundu dogo nililobaki nalo. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniambia. Sikuuliza, kwa sababu nilijua kama angeniambia ningemjibu nini.

Kitambaa kilipotolewa nilichukua ile karatasi, nikavaa koti, nikashika fimbo, nikaenda kwa Muli kwa miguu. Ni mwendo mfupi lakini ulinichosha. Nilitembea kwenye changarawe, kila baiskeli ikinipita ninaruka, maana sasa ni kweli zilikuwa zinatokea ghafla.

Muli alikuwa uani anaziba pancha. Bega lilikuwa limepona vibaya kidogo, moja liko chini ya lingine. Alinyoosha mkono tukasalimiana, kwa sababu kwetu humnyimi mtu salamu nyumbani kwako. Akaniletea kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Niliyaacha. Nikafungua karatasi, nikaiweka juu ya goti lake, nikamwambia haya ndiyo macho yangu, penye weupe ndipo ninapoona. Akaitazama. Akasema mbona weupe ni kidogo hivi.

Nikaweka kidole kwenye mduara wa kushoto, pembeni, kwenye weusi. Nikamwambia, "Muli, siku ile ulikuwa hapa."

Nilimwambia kwamba niliapa uongo bila kujua, na kwamba yale mengine niliyosema, ati amezeeka, ati anatafuta wa kumlaumu, hayo niliyasema nikijua. Hayo sina karatasi ya kuyaeleza. Nikamwomba msamaha, nikamwambia Jumapili nitasimama nimwombe mbele ya wazee walewale.

Muli alipitisha kidole chake juu ya weusi wote, kuzunguka lile tundu. Akasema, "Basi sikuwa peke yangu hapa. Tulikuwa wengi." Hakusema amenisamehe. Aliuliza kama jicho linauma. Alimaliza kuziba pancha, akaijaza upepo, akasema atanisindikiza.

Jumapili nilisimama kama nilivyoahidi. Jicho la kushoto walilipasua mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, na presha sasa imeshuka. Nimebaki na kile nilichobaki nacho, na daktari anasema kikitunzwa kitanifikisha. Mutheu amepimwa na yuko salama, atapimwa kila mwaka. Ndugu zangu watatu nimewaburuta mmoja mmoja. Mmoja ameanza matone. Kama mzazi wako alipapasa ukuta, usiseme amerogwa, nenda ukapimwe. Na ukifika kwenye ile mashine, usibonyeze kwa mlio. Abdi amenipa kazi ya kushona magunia stoo, nashona vizuri, lakini miguu bado haijakubali. Lori likinguruma nje, nasimama.

Lakini nataka kumalizia siku ile. Tulitoka kwa Muli, yeye anasukuma baiskeli, mimi na fimbo. Tulipofika barabarani alizunguka akaja upande wangu wa kushoto, kisha akafikiri, akahamia kulia, akajiweka kati yangu na lami. Tukatembea hivyo, kwenye ukingo.

Honi ikalia nyuma yetu. Mara mbili, za haraka haraka.

Muli alinishika mkono wa koti, akanivuta mimi na baiskeli mpaka kwenye mtaro. Nilisikia upepo wa lori usoni kabla sijaliona, kisha likaingia kwenye tundu langu jeupe, likawa dogo, likaenda. Changarawe ilikuwa imeingia viatuni. Miaka ishirini nilipiga honi ile na sikuwahi kujua inasikikaje kutoka chini.

Nikamuuliza Muli, "Unadhani ametuona?"

Muli alikuwa anapangusa vumbi kwenye kiti cha baiskeli. Akasema, "Wewe ndiye dereva, Nzioka. Niambie wewe."